Karanga za Ukurasa wa Thelathini na Moja

Asubuhi mchele ulipofukuzwa katika nyumba ile, mpishi ndiye aliyeubeba kuutoa. Aliweka gunia begani, akapita nalo mlango wa nyuma, kisha akarudi kuchukua unga, maharage, dengu, kopo la karanga, sukari na kopo la siagi ambalo halikuwa limefunguliwa hata kifuniko. Mwenye nyumba alisimama kizingitini na karatasi mkononi, miwani kwenye ncha ya pua, akisoma kama karani wa mahakama anayeita washtakiwa.

"Nafaka ya aina yoyote, nje. Kunde ya aina yoyote, nje. Kitu chochote kilichotoka kwenye kiwele cha ng'ombe, nje."

"Na chumvi, Mama?"

"Chumvi ibaki, lakini kidogo."

Mlinzi wa getini, aliyekuwa akiipokea mizigo ile, alicheka mpaka akashika ukuta. Chumvi Kidogo ndilo jina walilokuwa wamempa mpishi, kwa sababu kila aliyeonja chungu chake alimwuliza kwa sauti ya chini, "Vipi, chumvi kidogo?" Miaka kumi na tisa alikuwa jikoni mle. Watoto wa mwenye nyumba walikua wakimwita Chumvi, wakaenda ng'ambo, na wakipiga simu walimwuliza mama yao, "Chumvi hajambo?" Jina alilopewa na baba yake hakuna aliyewahi kulihitaji katika nyumba ile.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitatu, mwembamba, mwenye haya. Shule yake iliishia ya msingi. Upishi aliuanza kwa kusugua masufuria katika bweni la wanafunzi, akaiba ujuzi kwa macho, na mikono yake ilijua mambo ambayo mdomo wake usingeweza kuyaeleza. Akizungumza na mtu mmoja, alikuwa na maneno. Wakifika watatu, maneno yalimkimbia kama kuku walioona mwewe.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa miaka sitini na ushei, aliyestaafu kazi ya bima akiwa na magoti mabovu na hamu kubwa ya kuwafundisha watu. Binti yake alikuwa amemletea kitabu cha Kizungu. Kitabu kilisema mwili wa mwanadamu bado uko pangoni: haujui mkate, haujui wali, haujui maziwa ya mnyama. Unajua nyama, samaki, mayai, majani, mizizi, matunda, na vile vitu vya kutafuna vinavyotoka kwenye maganda magumu. Tangu watu washike jembe, kilisema, ndipo walipoanza kuugua. Mlo wenyewe uliitwa paleo.

"Hebu nieleze, Chumvi," mlinzi alimwuliza siku ya kwanza. "Ni mlo wa watu wa kale, sivyo?"

"Ndivyo."

"Kama ni wa kale, mbona unaitwa pale, leo? Si wangeuita pale, jana?"

Mchana huohuo mlinzi alipewa sahani yake: mnofu wa ng'ombe, mchicha, na nusu ya kiazi kitamu. Akaitazama, akainyanyua, akachungulia hata chini yake.

"Hiki ni kitoweo. Chakula kiko wapi?"

"Ndicho hicho."

"Kitoweo cha nini sasa? Kitoweo bila chakula ni kama salamu bila mtu." Akala chote, akaramba na vidole, kisha akamwambia kwa uchungu wa kweli, "Nimeshiba tumbo, lakini sijala."

Nyumbani, mke wa mpishi naye alikuwa na lake. "Baba watoto, hao watu wa mapangoni walikuwa wanaishi mpaka miaka mingapi?"

"Sijui. Kitabu hakijasema."

"Basi waulize kabla hawajakuua." Akampakulia wali wa kilima.

Lakini wacheke wasicheke, mwenye nyumba alipungua kilo tisa kwa miezi minne, akapanda ngazi bila kushika reli. Na mpishi, ambaye mwanzoni alipika kwa kununa, taratibu aliona kazi imempa changamoto ambayo hakuwahi kupewa. Maelekezo ya kile kitabu yalikuwa ya nchi za watu, vitu vyenyewe nusu havikuwepo sokoni. Kwa hiyo alilazimika kubuni. Alichukua koliflawa, akaiparuza kwa kikwaruzio, akaikamua ndani ya kitambaa safi mpaka maji yote yakatoka, akaipitisha juu ya mvuke dakika tatu tu; ikakaa kwenye sahani nyeupe, chembe mojamoja, mpaka mgeni akauliza mchele ule umetoka wapi. Alichemsha mifupa tangu alfajiri hadi jua likizama, na siki kidogo ya kuivuta nguvu ya mfupa, ikatoka supu ambayo ikipoa hutetemeka kama mtu mwenye homa. Aliyeyusha mafuta ya ng'ombe, akayachuja mara mbili, akakaangia viazi vitamu.

Kilichomletea sifa, hata hivyo, kilikuwa mkate. Mwenye nyumba alivumilia kila kitu, ila mkate ulimtoa machozi. Siku moja alikaa mbele ya chai ya rangi, mikono imelala mezani, akasema, "Chumvi, nikipata hata harufu yake tu." Mpishi alirudi jikoni. Wiki mbili alihangaika. Aliloweka korosho, akazianika kwenye sinia, akazisaga kidogokidogo kwa kushtua mashine na kuiachia, maana ukiisaga korosho kwa pupa inatoa mafuta na kugeuka uji. Akachekecha. Akapiga mayai, akaongeza ndizi iliyoiva mno, ndimu, soda ya kuokea, na chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Mikate minne ya kwanza aliifukia nyuma ya banda ili mlinzi asione. Wa tano uliumuka. Mwenye nyumba alipoukata na kuona vitundu ndani, alimshika mpishi mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wewe si mpishi," alisema. "Wewe ni mwalimu."

Maneno yale mpishi alikwenda nayo nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Basi habari za mkate zikatoka nje ya geti. Rafiki za mwenye nyumba walikuja kuonja, nao wakaleta rafiki zao, na haukupita muda kila Jumamosi sebule ilijaa wanawake wenye madaftari. Mwenye nyumba alisimama mbele na kueleza. Mpishi alileta masinia na kuondoka. Mtu akimsifia chakula, mwenye nyumba alisema, "Tumehangaika sana jikoni." Mpishi aliisikia ile "tumehangaika," akairidhia. "Tu" ni wengi, na yeye yumo.

Hapo ndipo lilipotokea jambo la hoteli. Mmoja wa wageni wale alikuwa na hoteli ndogo, akamfuata mpishi hadi kwenye karo la kuoshea vyombo, akamwambia anatafuta mtu wa kumsimamia jiko. Chini yake wangekuwa wapishi wanne. Mpishi aliomba siku tatu. Siku ya pili mwenye nyumba akawa ameshasikia.

"Chumvi, ninaandika kitabu," alimwambia. "Kitaitwa Meza ya Mababu. Mapishi yote unayopika hapa yataingia. Ukiondoka sasa nitamaliza na nani?"

Mpishi alitazama sakafu.

"Na jina lako litakuwemo. Limechapwa kabisa. Hoteli itakupa nini? Koti jeupe. Mimi nakupa kitabu."

Akampa kalamu na kipande cha karatasi. "Liandike hapa, kamili, nisije nikakosea."

Mpishi aliandika jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa herufi kubwa, pole pole, akiikandamiza kalamu mpaka ikaacha alama upande wa pili. Jioni ile akampigia mwenye hoteli kukataa.

"Umekataa wapishi wanne kwa ajili ya jina?" mke wake alimwuliza.

"Kitabu hakifi, mama watoto. Mtu akistaafu jikoni, nani anajua alipika nini? Chakula kinaliwa, kinakwisha, vyombo vinaoshwa. Kitabu kitabaki."

Mke wake alisoma kumzidi. Alimtazama mumewe, ambaye kwa kawaida husema maneno mengi hivyo mara moja kwa mwaka, akaacha kumbishia. Kesho yake lakini alimwambia jirani yao, fundi cherehani, mama mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Na fundi cherehani akishajua jambo, huna haja ya gazeti. Tangu siku hiyo mpishi hakupita mbele ya kibaraza chake bila kusikia, "Shemeji mwandishi huyoo! Mpisheni!" Yeye aliinamisha kichwa na kuharakisha, lakini moyoni alifurahi, na mke wake alijua amefurahi.

Kazi ya kitabu ilichukua miezi mitano. Baada ya vyombo vya mchana, mwenye nyumba aliketi na kompyuta yake kwenye meza ya jikoni, na mpishi alisimama, maana alishindwa kuongea juu ya chakula akiwa amekaa.

"Unga wa korosho gramu ngapi?"

"Mpaka mkono ukatae, Mama."

"Mkono wa nani? Wasomaji wangu nao wana mikono. Gramu!"

Wakapima. Mpishi alitia kama alivyozoea, kisha wakaweka kwenye mizani, na mwenye nyumba akaandika. Mara kumi mkono wake ulitia, na mara kumi mizani ikasema vilevile, gramu tatu juu au nne chini. Mwenye nyumba alitikisa kichwa kwa mshangao, akaendelea kupiga herufi.

Siku ya kuandika mkate, mpishi alikuwa nyuma yake akifuta sinia. Alisoma kwa taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Akafika kwenye jiwe moja, akasimama.

"Mama. Hapo umeandika karanga."

"Ndiyo."

"Ni korosho, Mama."

"Najua ni korosho. Lakini anayekosa korosho atatumia lozi, anayekosa lozi atatumia kingine. Kwa Kizungu vyote vina neno moja. Sasa kwa lugha yetu neno lenyewe ni lipi? Karanga."

"Karanga inachimbwa, Mama. Korosho inachumwa."

Mwenye nyumba alivua miwani. "Chumvi, wewe pika, mimi niandike. Nikianza kukufundisha kukaanga si utanishangaa?"

Mpishi alitaka kusema kwamba karanga huzaliwa ndani ya udongo kama ndugu wa kunde, na kwamba siku ile ya kwanza, alipobeba maharage na dengu kuyatoa, alitoa na kopo la karanga, tena kwa amri ya Mama mwenyewe. Sentensi nzima ilikuwepo kichwani, imepangwa vizuri. Lakini alikuwa ameshaambiwa apike. Akafuta sinia ambalo lilikuwa limekauka tangu zamani. Baadaye katika maisha yake aliirudia dakika ile mara nyingi kuliko dakika nyingine yoyote, na kila mara alijiona amesimama palepale na kitambaa mkononi.

Kitabu kilikaa kwa mchapaji miezi mingine minne, kikachapwa nakala mia tatu. Masanduku yaliletwa asubuhi ya sherehe ya kukizindua, na mpishi aliomba kukiona.

"Baadaye, Chumvi. Mikono yako ina mafuta."

Kweli ilikuwa na mafuta. Watu arobaini walialikwa, na alikuwa amepika tangu alfajiri. Chini ya aproni alivaa shati jipya, jeupe, ambalo fundi cherehani alimshonea na kukataa kuliharakisha, akisema shati la mwandishi halishonwi kama gunia. Mpango wa mpishi ulikuwa mdogo tu: jina lake likisomwa, atavua aproni, atatoka mpaka mlangoni, atainamisha kichwa mara moja, na atarudi jikoni. Alifanya mazoezi ya kuivua aproni kwa mkono mmoja.

Mwenye nyumba alitoa hotuba. Alimshukuru marehemu mumewe, binti yake, mchapaji, na Mungu. Akawashukuru "wote walioshika mwiko pamoja nami." Makofi yakapigwa. Mpishi alikuwa ameshafungua kamba ya aproni. Akaifunga tena, akachukua sinia la mikate, akaingia nalo sebuleni, maana ilikuwa zamu yake.

Alikuwa katikati ya zulia wakati mke wa daktari mmoja alipoinua mkono na kitabu kikiwa wazi. Mama huyo alikuwa mfuasi mkali wa mlo ule kuliko hata mwenyeji wake. Alisoma maandishi ya nyuma ya kila kopo.

"Samahani, mwalimu. Ukurasa wa nne umetukataza kunde za kila aina. Ukurasa wa thelathini na moja unatuambia tusage gramu mia mbili za karanga. Karanga si kunde?"

Watu wakaacha kutafuna. Kisha mtu akacheka puani. Mwingine akafungua ukurasa, na mwingine, na sauti ya karatasi ikazunguka sebule nzima.

"Na huu tunaotafuna sasa?" mmoja aliuliza, akautoa mkate mdomoni. "Una karanga?"

"Yaani mwaka mzima tumekatazwa maharage, kumbe tulikuwa tunakula binamu yake!"

Kicheko kikaja kikubwa. Mwenye nyumba alikuwa amesimama na kitabu kifuani, na shingo yake ilikuwa imeiva kwa aibu. Akageuka. Mpishi alikuwa palepale, na sinia.

"Chumvi," alisema mbele ya watu wote. "Si wewe uliyenitajia vitu vya mkate huu? Nilikuuliza, ukanijibu, nikaandika. Sema."

Macho ya watu arobaini yakamgeukia. Mpishi alikuwa na jibu. Lilikuwa fupi na la kweli: kwamba alisema korosho, kwamba alisahihisha, kwamba mkate ule mikononi mwao haukuwa na hata chembe ya karanga. Lakini huwezi kuanza tu kumpinga mtu aliyekuzidi umri na aliyekuajiri, mbele ya wageni wake, kama unayeita kuku. Kuna neno la kubisha hodi. Kila mtu aliyelelewa analijua. Akalitanguliza.

"Samahani, Mama..."

"Basi!" mwenye nyumba alisema, na mkono wake ukapanda. "Basi, yaishe. Amekiri mwenyewe."

"Ameomba msamaha, masikini," mke wa daktari alisema kwa huruma. "Binadamu hukosea."

"Tena ana adabu. Wengine wangebisha."

Wakampigia makofi. Naam, walimpigia makofi, kwa uungwana wake wa kukubali kosa, na yeye mdomo wake ulikuwa bado wazi, neno la pili limekaa juu ya ulimi. Samahani yake ilikuwa ya kuomba njia. Wao waliipokea kama ya kuomba radhi. Neno ni hilo hilo moja. Akafunga mdomo, akawazungushia mkate, na wengi safari hii walikataa.

Kesho yake, Jumapili, aliambiwa aje ingawa si siku yake ya kazi. Juu ya meza ya kulia palikuwa na vitabu vimepangwa kama matofali, na rundo la vipande vidogo vya karatasi vilivyochapwa.

"Nimelifikiria sana suala hili," mwenye nyumba alisema. Alikuwa mtulivu, karibu mchangamfu. "Siwezi kuchapa upya. Tutabandika masahihisho. Na wewe si ulitaka jina lako liwemo? Limo."

Mpishi alikisoma kipande kile akiwa amesimama. Kilisema kwamba katika ukurasa wa thelathini na moja, palipoandikwa karanga, pasomeke korosho. Kilisema kosa hilo lilitokana na maelezo ya mpishi, ambaye ameomba radhi. Na kati ya neno mpishi na neno ambaye, kwa herufi nzito, lilikuwepo jina lake, la baba yake na la babu yake. Hakuna herufi iliyokosewa.

"Mama," alisema. Walikuwa wawili tu, na maneno yalikuja. "Mimi nilisema korosho. Nilikwambia pale jikoni. Nikasema karanga inachimbwa."

Mwenye nyumba hakukataa. Hilo ndilo lililomuuma mpishi kuliko yote.

"Najua ulisema. Lakini jana uliulizwa mbele ya watu, ukajibu samahani. Sasa nifanyeje? Niwaite watu arobaini niwaambie walisikia vibaya? Mimi ndiye mwalimu wao, Chumvi. Mwalimu akianguka na darasa linaanguka. Wewe ukikosea nani anakupunguzia kitu? Wewe ni mpishi."

"Uliniambia mimi ni mwalimu."

"Ee?"

"Hakuna, Mama."

Gundi ya dukani iliisha baada ya vitabu arobaini na kitu, na maduka ya vifaa vya ofisi yalikuwa yamefungwa. Mwenye nyumba akakumbuka kwamba zamani watu walibandikia uji wa unga. Mpishi akatumwa kununua nusu kilo ya ngano. Ndiyo nafaka ya kwanza kuingia nyumba ile baada ya mwaka na miezi miwili, na ilipita mlango wa mbele. Mlinzi alipouona mfuko alisimama wima akapiga saluti.

"Karibu nyumbani, mheshimiwa!" Kisha akauona uso wa mwenzake, akashusha mkono. "Chumvi, kuna nini?"

Mpishi alimweleza kwa maneno sita au saba.

"Acha," mlinzi alisema. "Mwachie unga wake hapo mezani, toka, nenda kwako."

"Niende wapi? Ile hoteli niliwapigia leo asubuhi. Wamepata mtu tangu mwezi wa nne."

Alipika gundi. Aliikoroga juu ya moto mdogo isiweke madonge, akaipitisha kwenye chujio, akaipaka nyembamba kwa brashi ya kupakia mayai, na akabandika kila kipande mahali pamoja, kona kwa kona, bila mkunjo. Angeweza kubandika ovyo. Angeweza kupindisha. Alijaribu kimoja, mkono ukakataa, akakinyoosha. Mara mia tatu alilisoma jina lake, na kufikia jioni alilisoma kama la mtu ambaye aliwahi kumsikia tu.

Alipokuwa akiondoka, mwenye nyumba alimpa nakala moja. "Mpelekee mke wako. Bure."

Mke wake alipokea kitabu kwa mikono miwili. Aliuona uso wa mumewe. Alikaa mezani akakifungua ukurasa wa kwanza, akaenda kwa kidole, wa pili, wa tatu, shukrani, yaliyomo, akiruka picha za mikate na supu ambazo mumewe alizipika na kuzipanga kwenye sahani. Mpishi alisimama dirishani. Alijua kidole kimefika wapi kwa sababu karatasi iliacha kulia.

Mke wake akauliza, "Ulisema samahani?"

"Nilisema 'Samahani, Mama,' nikitaka kuendelea."

"Ukaendelea?"

"Hawakuningoja."

Mke wake aliweka ukucha kwenye kona ya kile kipande, akajaribu kukibandua. Hakikutoka. Akajaribu kona nyingine, akakilowesha kwa mate, akachimba mpaka ukurasa ukaanza kuchanika wenyewe.

"Umeipika hii gundi?"

"Nimeipika."

"Ndiyo maana," alisema, na akacheka kidogo, kicheko ambacho mpishi aliomba asikisikie tena.

Wakati huohuo mlango wa mbele uligongwa na kufunguka kwa pamoja, kama kawaida ya fundi cherehani. Mpishi aliwahi chumba cha ndani, akasimama nyuma ya pazia. Kupitia upenyo alimwona mke wake akikiteremsha kitabu kutoka mezani, akikitia chini yake kwenye kiti, na kukikalia.

"Yuko wapi shemeji yangu mwandishi? Nimesikia kitabu kimetoka! Nimekuja na miwani kabisa. Leteni, mnionyeshe jina liko ukurasa wa ngapi."

"Halimo," mke wa mpishi alisema.

"Halimo vipi?"

"Halimo, jirani. Nimekipitia mwanzo hadi mwisho. Wamemsahau."

"Hata kwa pembeni? Hata kwa maandishi madogo?"

"Hata kwa pembeni."

Fundi cherehani alivuta kiti akaketi kwa kishindo. "Si nilijua! Wakubwa hao! Wanakula jasho la mtu na bakuli wanaramba. Hebu kilete nikitazame mwenyewe, macho yako siku hizi..."

"Nimeshakirudisha."

Nyuma ya pazia mpishi alikuwa amezuia pumzi. Miezi tisa alikuwa amengoja jirani huyu alione jina lake, na sasa alikuwa akimwomba Mungu asilione.

"Pole sana, shemeji!" fundi cherehani alipaza sauti kuelekea chumbani, sauti ile ya mtaa wa pili. "Kukosa jina si kufa! Unasikia?"

"Nasikia," mpishi alijibu. "Asante, jirani."